Kubadili saa za nyumbani bila kuziharibu: mwongozo wa fundi saa

Nchi kadhaa hubadili saa kufuata majira: husogeza saa zote mbele kwa saa moja, kisha miezi kadhaa baadaye huzirudisha. Hapo ndipo zinapotokea wiki mbili kila mwaka zinazonijazia meza: ile inayofuata saa kusogezwa mbele na, zaidi sana, ile inayofuata saa kurudishwa nyuma. Nyingi ya saa ninazoletewa wiki hizo zilikuwa nzima Jumamosi. Zimeharibiwa na mkono wa mwenyewe usiku ule, tena kwa nia njema. Kwa hiyo naandika utaratibu ninaoufuata mimi.

Hatua ya 1: Hakikisha tarehe

Usitegemee kumbukumbu. Marekani, tangu 2007, saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, ila Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona hazibadili kabisa. Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya Machi, kisha hurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ndiyo maana kuna majuma mawili matatu mwezi Machi ambapo London na New York hupishana kwa saa nne badala ya tano. Ukiwa na jamaa au kazi upande wa pili, simu zako zote za majuma hayo zikague upya. New Zealand wao wako kinyume: wanasogeza mbele Septemba, wanarudisha Aprili. Na serikali hubadili mawazo. Brazil iliachana na mambo haya 2019, Misri ikayarudisha 2023.

Mabadiliko hufanyika usiku wa manane. Machi huko Marekani, simu ikifika 2:00, yaani saa nane ya usiku kwetu, inaruka hadi 3:00. Novemba ikifika saa nane inarudi saa saba, na saa ile moja inapita mara mbili. Huna haja ya kukesha. Badilisha Jumamosi kabla ya kulala.

Hatua ya 2: Tenga zinazojibadilisha zenyewe

Simu na kompyuta ziache. Ingia tu kwenye mipangilio uone kama muda na ukanda wa saa vimewekwa vijirekebishe. Ukibadilisha kwa mkono Jumamosi, na simu nayo ikajibadilisha usiku, utaamka ukiwa umepishana na dunia.

Zipo pia saa za ukutani zinazopokea mawimbi ya redio. Za Ulaya nyingi husikiliza kituo cha Mainflingen, Ujerumani. Hizi usiziguse. Kama asubuhi bado hazijabadilika, ziweke karibu na dirisha usiku mmoja, mbali na televisheni.

Hatua ya 3: Za betri

Geuza kile kitufe cha nyuma. Mbele au nyuma, sawa tu. Betri ikiwa ya zamani, ibadilishe hapohapo maana umeshaishusha saa ukutani.

Hatua ya 4: Saa zinazogonga

Hapa ndipo penye kazi. Saa ya pendulamu, yaani ile yenye fimbo inayobembea, inayogonga kengele kila saa ina sehemu mbili ndani: moja inaendesha mishale, nyingine inahesabu migongo. Zimeunganishwa kwa vyenzo vidogo vilivyoundwa kunyanyuliwa kutoka upande mmoja tu.

Kusogeza mbele: shika mshale wa dakika, ule mrefu, usiguse mfupi. Uzungushe polepole. Ukifika nusu saa, simama, acha igonge imalize. Ukifika saa kamili, simama tena. Kama inagonga kila robo, simama kila robo. Ukiukimbiza mshale, kengele itabaki nyuma ya hesabu, saa ionyeshe tatu igonge mbili.

Kurudisha nyuma: usirudishe. Simamisha pendulamu kwa kidole, nenda ukaoge, ule, urudi baada ya saa moja kamili uisukume tena. Basi. Kama huna subira hiyo, sogeza mbele kwa muda wa saa kumi na moja, ukisimama kila inapogonga. Njia ya kwanza ni nafuu zaidi kwa saa na kwa majirani.

Mteja wangu mmoja alirudisha mshale kwa nguvu Oktoba. Alisikia "tak", akadhani imeingia mahali pake. Nilipofungua, wenzo wa kengele ulikuwa umepinda kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Kuunyoosha kulinichukua jioni nzima, na ile "tak" haikuchukua hata sekunde.

Hatua ya 5: Saa ya mkono yenye tarehe

Usibadilishe tarehe kwa njia ya mkato, yaani kuisogeza tarehe peke yake bila mishale, kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Muda huo meno ya gurudumu la tarehe mara nyingi yameshashikana, na ukilazimisha unavunja jino. Kusogeza mshale wenyewe mbele hakuna shida. Mimi huifanya ya kwangu Jumamosi mchana, nikakubali kuishi na saa ya uongo hadi usiku.

Hatua ya 6: Wewe mwenyewe

Mwili hauna kitufe. Machi, anza kulala robo saa mapema kila siku kuanzia Jumatano, na Jumapili asubuhi toka nje upate mwanga. Usilidharau hili: watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2008 kwamba mshtuko wa moyo huongezeka kidogo siku za mwanzo baada ya saa kusogezwa mbele. Jumatatu hiyo mimi huwa sianzi safari ndefu ya gari.

Sisi tunaohesabu saa tangu kuchomoza kwa jua tunapata mtihani wa ziada. Unasema "saa moja asubuhi", unachungulia nje, giza totoro. Watoto hawaelewi, na usiwalaumu.

Anayetumia dawa za kupishana saa maalumu, kama insulini, amuulize daktari au mfamasia kabla ya siku yenyewe. Anayefanya zamu ya usiku aandike saa alizofanya kazi, si zilizoonyeshwa ukutani: zamu ya muda wa saa nane inakuwa saba Machi na tisa vuli, na mishahara hukosewa hapo.

Iliyobaki ni saa ya gari, ambayo kila modeli ina ushirikina wake wa vitufe. Nina wateja watu wazima, makini kwa kila kitu, ambao huiacha tu hadi saa zibadilike tena, na kila wakiingia garini wanatoa moja.