Mshipa bandia wa dialisisi: kutambua unaanza kuziba, na tiba yake

Damu ikiganda ndani ya mshipa bandia, yaani mrija wa plastiki unaounganisha ateri na vena mkononi ili mashine isafishe damu ya mgonjwa wa figo, mara nyingi chanzo kilianza zamani: pale mrija ulipounganishwa na vena, ukuta wa vena umenenepa kwa kupigwa na damu yenye kasi ya ateri, njia ikawa nyembamba. Ukitoa donge bila kuipanua njia hiyo, donge litarudi.

Anza na mkono wako. Kabla ya kila kikao mgonjwa avue bangili, apandishe mkono wa buibui hadi begani, nawe upapase kuanzia upande wa ateri hadi wa vena. Mshipa wenye afya ni laini, una mtetemo usiokatika. Ukikuta mpigo mgumu badala ya mtetemo, mbele, upande wa vena, pamebana. Kwa stetoskopu, mvumo mzito wa mfululizo ni mzuri. Mlio mwembamba unaosikika moyo unaposukuma tu ni dalili ya kubana. Kisha bana mshipa katikati kwa kidole: mpigo wa upande wa ateri ukibaki dhaifu, damu haiingii vizuri.

Mashine nayo inasema. Soma presha ya vena (ya damu inayorudi kwa mgonjwa) mwanzoni mwa kikao, pampu ikiwa 200 ml kwa dakika, sindano saizi ileile, na ulinganishe na vikao vya mgonjwa huyohuyo. Ikipanda vikao vitatu mfululizo, au damu ikichuruzika zaidi ya dakika 20 baada ya kuchomoa sindano, mpeleke akapigwe picha ya mishipa. Vivyo hivyo mtiririko wa damu ndani ya mshipa wenyewe, si wa pampu, ukiwa chini ya 600 ml kwa dakika. Mkono mzima ukivimba, shuku vena kubwa ya kifuani, hasa kwa aliyewahi kuwekewa katheta chini ya mtulinga.

Palipobana kwa asilimia 50 au zaidi, pamoja na mojawapo ya dalili hizo, hupanuliwa kwa puto, kwa kawaida la milimita 6 hadi 8. Pasipo dalili paachwe, kwani puto hujeruhi ukuta na kuharakisha unene. Vena hizi ni ngumu. Presha ya puto huweza kupita atmosfea 20. Kazi imekamilika mtetemo ukirudi na kubana kukibaki chini ya asilimia 30.

Mshipa ukinyamaza kabisa, usichome sindano wala kuukanda. Donge litolewe ndani ya saa 48, lakini pima potasiamu ya damu kwanza. Ikizidi milimoli 6 kwa lita, au mgonjwa akihema kwa shida, awekewe katheta ya muda pajani asafishwe damu kabla. Wakati wa kutoa donge, heparini (ya kuzuia damu kuganda) na alteplesi (ya kuyeyusha donge) hutumika, upande wa vena hufunguliwa kwanza, kisha kizibo cha upande wa ateri huvutwa kwa katheta ya Fogarty, yenye puto dogo nchani. Mshipa mwekundu, wa moto au wenye usaha usifunguliwe hivi: vijidudu vitasambaa mwilini. Huyo ni wa daktari wa upasuaji, na damu ichukuliwe kuoteshwa vijidudu maabara kabla ya antibiotiki.

Joto la Mombasa nalo lihesabiwe. Mgonjwa aliyetoka jasho sana au aliyeharisha, kisha akatolewa maji kupita kiasi kwenye mashine, presha yake hushuka, na mshipa huganda usiku. Pitieni uzito wake mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada, mara kwa mara. Asibebe dumu la maji kwa mkono huo, asiulalie, asining'inie nao kwenye matatu, asipimwe presha hapo. Aupapase asubuhi na kabla ya kulala. Mtetemo ukipotea apige simu kitengoni saa hiyohiyo, hata kama zamu yake ni keshokutwa.