Kabla ya kupiga dhahabu kwenye resini: mambo ya kuzingatia

Rangi ya dhahabu ndiyo inayopaswa kununuliwa mwisho, lakini wengi huanza nayo. Ndiyo maana sanamu nyingi za resini, yaani plastiki ya majimaji inayomiminwa na kuganda, hutoka njano yenye chengachenga, na mtu akiziona tu anajua ni plastiki iliyopakwa. Dhahabu ya kweli haitambuliki kwa unjano pekee. Inameza sehemu kubwa ya mwanga wa buluu na kurudisha mwekundu na wa manjano, halafu uso wake ni kioo: upande unaotazama dirisha unawaka, na upande unaotazama kona yenye giza unakaribia kuwa kahawia. Ukiikosa tofauti hiyo kali ya mwanga na giza, hakuna kopo litakalokuokoa. Kwa hiyo maandalizi karibu yote yanahusu uso wa kitu chenyewe.

La kwanza kuamua ni njia, iwe unga wa chuma, rangi ya kupuliza au karatasi za dhahabu, kwa sababu mojawapo huanza kabla resini haijamiminwa. Njia hiyo ni ya unga wa chuma. Unachukua brashi kavu laini, unapaka unga wa shaba ya manjano ndani ya kalibu ya silikoni mpaka kuta zote zifunikwe, unageuza kalibu na kuigonga ili unga uliozidi umwagike, kisha unamimina resini uliyoitia rangi ya kahawia au nyeusi. Usisahau kuitia rangi, maana pale unga ulipokuwa mwembamba, resini nyeupe itachungulia. Kitu kikitoka kwenye kalibu kitakuwa kimefifia kama udongo mkavu, na asiyejua hudhani kazi imeharibika. Chukua sufu laini ya chuma, namba 0000, usugue polepole. Hapo mng'ao unaanza kujitokeza kwenye pua, kwenye ukingo wa sikio, kwenye mikunjo ya nguo, na mabondeni giza linabaki lenyewe bila kupakwa. Kinachong'aa pale ni chuma, ndiyo maana sioni rangi ya kopo inayoifikia njia hii kwa sanamu zenye nakshi nyingi.

Unga wa shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Shaba ikizidi, rangi huelekea wekundu. Zinki ikiongezeka, huelekea unjano. Omba kuona sampuli kabla ya kununua. Tena usichanganye unga huo na unga wa mika, madini yenye vibapa vinavyometameta. Mika inameremeta vizuri na bei yake ni nafuu, lakini si chuma: ukiisugua kwa sufu ya chuma unaikwangua tu, haing'ai zaidi.

Njia ya unga ina sharti moja gumu: haisamehi viputo. Kishimo kikiachwa kwenye uso, puti (lahamu ya kuzibia mashimo) utakayozibia haina chuma ndani yake, na baka litaonekana daima. Kama kalibu yako bado inatoa vitu vyenye mashimo, ama rekebisha kalibu kwanza, ama chagua rangi ya kupuliza, ambayo hufunika puti na resini sawasawa.

Jambo jingine la kuamua mapema ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, wakati resini nyingi ni kama gramu 1.1. Jicho linaweza kudanganywa, mkono haudanganyiki. Kama kitu kitashikwa, weka gololi za chuma katikati yake wakati wa kumimina, mbali na uso. Kama kitakaa kabatini, usijisumbue. Hata sanamu za Oscar, tuzo za filamu za Marekani, katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa za plasta iliyopakwa rangi kwa miaka 3 kwa sababu metali zilikuwa adimu.

Ijue aina ya resini yako pia. Epoksi inaweza kutolewa kwenye kalibu baada ya siku moja, lakini nyingi huendelea kukomaa hadi kama wiki. Ukiipulizia rangi mapema, mng'ao unaweza kufa siku chache baadaye. Kwenye unyevu epoksi nyingine hutoa utando wa nta juu yake, ambao huondoka kwa maji na sabuni. Poliyurethani huganda haraka, ila unyevu ukiingia kabla haijaganda inachemka viputo. Poliesta huweza kubaki ikinata pale ilipoguswa na hewa, na juu ya uso unaonata hakuna dhahabu itakayokaa.

Halafu kuna usafi, na hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mafuta ya kalibu, hasa yenye silikoni, hayaonekani, lakini rangi ikiyakuta inakimbia na kuacha vishimo vya duara. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, ukiingia kila pembe. Kisha mwagia maji safi utazame. Yakitandaa kama utando mmoja, uso ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, rudia kuosha. Kuanzia hapo shika kwa glovu, maana alama ya kidole nayo ni mafuta.

Msasa unategemea njia. Kwa unga wa chuma hupigi kabisa, usije ukauondoa. Kwa rangi, anza na namba 400 kwenye mistari ya maungio, pitia 600, malizia na 1000 kwa maji. Piga praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) ya kijivu, nyembamba, ukague chini ya taa iliyolala ubavuni: mikwaruzo usiyoiona kwenye resini itajitokeza yote.

Rangi ya chini ndiyo inayopuuzwa zaidi. Rangi za dhahabu zenye mng'ao wa kioo hutaka nyeusi inayong'aa chini yake, iliyokauka kabisa. Chembe za chuma ndani ya rangi hizo ni vibapa vidogo. Juu ya uso laini vinalala sambamba na kurudisha mwanga kwa pamoja, juu ya uso wenye chengachenga vinasimama ovyo na kuutawanya. Ipulize kwa mikono, yaani tabaka, myembamba sana, maana ukiizidisha unaua kioo. Rangi za dhahabu za kawaida hazifuniki vizuri, na chini yake mimi huchagua kahawia nyekundu. Mafundi wa zamani wa kupamba kwa dhahabu walitanguliza udongo mwekundu kwa sababu hiyohiyo: pale dhahabu inapokwaruzika au kuwa nyembamba, kinachochungulia ni rangi yenye joto.

Anayetaka kubandika karatasi nyembamba za dhahabu ajue kwamba unene wake ni kama mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hivyo kila chembe ya vumbi itajionyesha. Karatasi za bei nafuu ni shaba na zinki, zitafubaa zisipopakwa vanishi. Dhahabu halisi haina haja hiyo. Gundi ya mafuta ya kuzibandikia ikiguswa kwa kifundo cha kidole inapaswa kunata bila kukiacha na unyevu. Ukibandika mapema, karatasi inazama na mng'ao unapotea.

Kuhusu afya siandiki mengi, lakini hayana mjadala: glovu za nitrili, barakoa yenye vichujio vya mvuke, hewa ya kutosha. Ukimimina unga wa chuma zima feni na weka moto mbali, kwa sababu vumbi laini la chuma halifai mapafuni na linaweza kushika moto.

Mwisho andaa vipande vya majaribio vya resini ileile, vyenye mgongo wa mviringo kama wa kijiko, kwa kuwa kipande bapa hakikuonyeshi jinsi mwanga unavyotembea. Vipitishe hatua zote, pamoja na vanishi. Vanishi yenye thina (kiyeyushi cha rangi) kali huvuruga vibapa vya chuma vilivyokwisha kulala, na dhahabu inageuka kijivu chenye unjano mbele ya macho yako. Jaribu ya maji, mkono mwembamba, ukiacha nusu ya kipande bila kupakwa ili ulinganishe. Ikiwa nusu iliyopakwa imefifia na kitu chako ni cha kuwekwa tu kwenye rafu, kiache bila vanishi.