Jinsi ya kufunga boti ziwani iwe inageuka yenyewe na upepo

Wakuu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, huku kwetu Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hii ni ya wale wenye boti ya mbao inayolala majini. Kama wewe yako unaivuta mchangani kila asubuhi, pita tu.

Mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti mimi boti niliiacha majini, maana mbao zikikaa juani miezi mitatu zinaachana alafu kalafati yote (pamba ya kuziba nafasi za mbao) unaanza upya. Nikafunga kamba moja omo (mbele), moja tezi (nyuma), nikaenda zangu nyumbani nimetulia kabisa. Wiki ya pili upepo wa kusini ukaja usiku, boti haiwezi kugeuka, inapigwa ubavuni tu, asubuhi nakuta maji yamefika kwenye mabenchi na pete ya tezi imeng'oka na kipande cha ubao.

Nilidhani kamba ilikuwa nyembamba. Hapana, kosa ni kuikatalia boti isigeuke. Boti imechongwa ikutane na wimbi kwa pua, sasa ukiishika mbele na nyuma unaliachia wimbi ubavu mzima wa mita 8 lijichapie.

Meli kubwa za gesi na mafuta zinazokaa baharini miaka na miaka zina dawa ya hii kitu. Hapo jirani Msumbiji ipo Coral Sul, urefu wake mita 432, imekaa kwenye kina cha kama mita 2,000 (Tanganyika yetu pamoja na sifa zote inaishia 1,470), imeshikwa chini kwa minyororo na kamba 20. Sasa zile 20 hazijafungwa kwenye meli yenyewe, zimefungwa kwenye tareti, yaani dude la chuma la duara limesimama wima ndani ya meli, gesi nayo inapandia humo humo. Tareti inabaki palepale, meli ndo inaizunguka, katikati yao kuna beringi. Upepo ukihama meli inahama nayo, pua mbele.

Kwetu huhitaji tareti. Umeshaona mbuzi aliyefungwa kwenye mti? Anazunguka, anazunguka, jioni kamba imeisha yote, shingo iko kwenye shina. Boti nayo hivyo hivyo, mchana upepo unatoka ziwani, usiku unatoka nchi kavu, kila siku inageuka, kwahiyo mnyororo lazima utajisokota. Dawa ni swiveli, kile kichuma chenye macho mawili ambacho jicho moja linazunguka lingine limetulia, hata kwenye mnyororo wa mbwa kipo. Ila usiniletee cha mbwa, tafuta kizito kinacholingana na mnyororo wako.

Anza na uzito wa chini. Kata pipa la lita 200 nusu, jaza zege, ila kabla halijakauka zamisha humo nondo nene iliyokunjwa, miguu yake ifike chini kabisa na mgongo ubaki juu kama mshikio. Hapo una kama kilo 240, lakini usijidanganye, ndani ya maji zinabaki kama 140, maji yanakubebea zingine. Kwa boti ya mita 8 kwenye mwalo uliojikinga mimi imenitosha, sehemu iliyo wazi tupa mbili uziunganishe.

Kulipeleka ndo kazi. Sisi tuliweka mitumbwi miwili sambamba, tukalaza miti juu kama wavuvi wa kipe, pipa likaning'inia katikati tayari limo majini, tukapiga kasia taratibu. Pima kina kwanza kwa jiwe na kamba, maana huku ukisogea hatua chache chini panaporomoka. Na wakati wa kulishusha asisimame mtu ndani ya kamba iliyojikunja, mguu utaenda na zege.

Tuseme kina ni mita 5. Kamata mnyororo wa milimita 10, urefu mita 8, mwisho mmoja kwenye nondo, mwisho wa juu swiveli. Zile mita 3 za ziada zinalala chini, ziwa likipanda (na linapanda, tumeona wenyewe) zinainuka zenyewe. Hapo kwenye swiveli, upande wa chini, funga madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko vinavyobana. Kazi ya madumu ni kuelea tu, mzigo wa boti usipite kwenye mshikio wa dumu hata siku moja, utakatika. Jicho la juu la swiveli ndo linapokea kamba ya boti, mita 7, mpaka omo. Omo tu! Tezi acha huru. Pale kamba inapopanda ubavu wa boti ivishe kipande cha mpira wa maji isilike.

Jumla una mita 15, mara tatu ya kina. Ongeza urefu wa boti, inafagia kama mita 22 kila upande, kwahiyo ongea na jirani kabla ya kutupa zege, sio baada.

Kingine ni kukagua. Hata wakubwa inawakuta, Ghana meli ya mafuta iitwayo Kwame Nkrumah mwaka 2016 iligundulika beringi ya tareti imeharibika, ikawa haigeuki tena kwa uhuru, ikabidi meli za kuvuta ziishikilie. Sisi tuna mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawafuatwi na vijana wapo. Vuta madumu juu, zungusha swiveli kwa mkono, ikikwaruza isafishe utie grisi, jicho likiwa limelika tupa nunua nyingine. Zile pingu za kuunganishia mnyororo na swiveli (vyuma vya umbo la U vinavyofungwa kwa msumari) pitisha waya kwenye msumari wake usijifungue, na huo waya badilisha kila unapokagua, mimi wa kwanza nilikuta umebaki kutu tupu na msumari umeshatoka nusu.