Ua lisilonyauka la milimani: lishike kabla ya kulitumia

Ukipanda Rwenzori au Elgoni hadi juu ya ukanda wa mianzi, utakutana na vichaka vyenye majani ya rangi ya kijivu, yenye vinyweleo laini kama pamba, na vichwa vya maua meupe, ya manjano au ya waridi. Hilo ndilo ua la jamii ya Helikrisamu, ambalo hata likikauka halipotezi umbo wala rangi.

Katika sehemu nyingi za Afrika majani ya jamii hii huchemshwa kwa ajili ya kikohozi na mafua au hufungwa juu ya kidonda, na kusini mwa bara huchomwa kama ubani. Hata hivyo, kabla ya kuyatumia, shika vile vijani vinavyozunguka kichwa cha ua: vya Helikrisamu hukwaruza kidoleni kama karatasi kavu, na hujifunga hewa ikiwa na unyevu. Vikiwa laini na vya kijani, huenda umeshika Senekio, mmea mwingine wa milimani wenye maua ya manjano, ambao sumu yake huharibu ini polepole bila dalili za mapema. Huo usinywe kamwe.

Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe dawa hii, na kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Tena, Rwenzori upande wa Uganda ni hifadhi ya taifa tangu 1991, hivyo usichume humo bila kibali.