Kupima kalsiamu kwenye oligodendrosaiti hai kwa Fluo-4

Oligodendrosaiti ni seli za ubongo na uti wa mgongo zinazotengeneza mayelini, ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva; Fluo-4 ni rangi inayong'aa zaidi inaposhika kalsiamu. Mwaka 2018, tafiti mbili za samaki wachanga aina ya zebrafish zilionyesha kuwa miinuko mikubwa ya muda mrefu ya kalsiamu hutangulia kusinyaa kwa ala ya mayelini, na mipigo mifupi ya mara kwa mara huendana na kurefuka kwake. Kwa hiyo usipime seli nzima kama kitu kimoja. Kiwiliwili cha seli kinaweza kutulia wakati tawi moja linawaka.

Yeyusha mikrogramu 50 za Fluo-4 AM (umbo la rangi linalopita kwenye utando wa seli) kwa mikrolita 45.6 za kiyeyushi DMSO kikavu, upate 1 mM. Katika mililita 1 ya bafa (HEPES 10 mM, kalsiamu 2 mM, pH 7.4, isiyo na fenoli nyekundu) tia mikrolita 3 za rangi hiyo na 1 ya Pluronic F-127 ya asilimia 20 (sabuni laini inayosaidia rangi kusambaa majini). Suuza kwanza serumu yote: vimeng'enya vyake viitwavyo esterasi huikata rangi nje ya seli, na ikishakatwa haipiti tena kwenye utando.

Loweka seli gizani dakika 30 kwenye joto la chumba. Kwa 37 °C rangi huingia haraka, ila nyingine hujikusanya ndani ya mitokondria. Ukiona vidoti angavu visivyobadilika, sababu ni hiyo. Suuza mara mbili, kisha subiri dakika 20 hadi 30 rangi ikatwe ndani ya seli.

Tumia leza ya nm 488 kwa nguvu ndogo kabisa inayotosha, picha 1 au 2 kwa sekunde, dakika 10. Mwanga ukizidi, wenyewe hupandisha kalsiamu, na matawi huota vinundu kama shanga. Rekodi hiyo itupe.

Kwenye uchambuzi, zungushia kiwiliwili, kila tawi na kila tandiko la utando peke yake, halafu kokotoa ΔF/F0, yaani badiliko la mwangaza ukigawanya kwa mwangaza wa mwanzo. Tawi likisogea au likinenepa, mwangaza hubadilika bila kalsiamu kubadilika. Kwa kiwango cha kalsiamu seli ikiwa imetulia tumia Fura-2, rangi inayosomwa kwa uwiano wa mianga miwili (nm 340/380). Ukiotesha pamoja na neuroni, achana na Fluo-4 AM kabisa, maana huingia kila seli. Hapo panahitaji GCaMP, protini inayong'aa ikishika kalsiamu, ikiongozwa na promota (swichi ya jeni) ya oligodendrosaiti.

Ili kujua kama kalsiamu inatoka nje au ndani ya seli, badilisha bafa iwe isiyo na kalsiamu, yenye EGTA 1 mM (hunasa kalsiamu iliyobaki), na usome dakika za mwanzo tu, kwani baadaye akiba za ndani nazo hupungua. Rudisha bafa yenye kalsiamu, kisha maliza kwa ionomisini 5 µM, inayopitisha kalsiamu kwenye utando. Seli isiyowaka hapo imekufa au haikupokea rangi. Iondoe kwenye hesabu.