Mtoto anataka kujichagulia nguo? Fanya hivi

Kuanzia miaka 2 au 3 hivi mtoto anaanza kukataa nguo unazomchagulia, na we asubuhi ushachelewa, basi vita inaanza. Usimfungulie kabati lote, mpe nguo mbili tu, "hii au hii?", na mchague usiku kabla hajalala maana asubuhi hakuna mwenye subira. Masweta wakati wa joto yafiche kabisa asiyaone. Akichanganya mistari na maua, soksi huku nyekundu huku kijani, mwache aende hivyo hivyo, kwani anaumia nani? We kataa vya maana tu: viatu vinavyombana, nguo zenye kamba shingoni akienda kubembea, uchafu, na sheria za shule.

Wakikua kidogo kesi inakuwa nywele. Nywele zinaota tena so mi sipigani nazo sana, ila hina nyeusi ya kuchora ngozini hapana, mara nyingi inatiwa kemikali inaitwa PPD ambayo inaweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Na usimcheke mbele za watu, ukishindwa kabisa kajifiche chumbani ucheke huko.