Namna ya kusoma historia ya tamthilia ya Uingereza: anza na sheria

Wengi huanza na orodha ya waandishi, wakakariri majina mpaka wachoke. Mimi huwaanzisha wanafunzi wangu na swali moja: nani aliruhusiwa kufungua ukumbi, na kwa masharti gani?

Hatua ya kwanza: chora mstari, uweke miaka sita. 1576, James Burbage anajenga ukumbi Shoreditch, nje ya mamlaka ya wakuu wa jiji la London. 1642, Bunge linafunga kumbi. 1660, Mfalme Charles II anarudi kutoka uhamishoni, na kumbi zinafunguliwa tena. Muda si mrefu wanawake wanaanza kuigiza jukwaani. Kisha 1737, 1843 na 1968.

Hatua ya pili: tulia kwenye 1737. Robert Walpole, kiongozi wa serikali, aliyekerwa na michezo iliyoikejeli serikali yake, alipitisha sheria kwamba kila tamthilia mpya ikaguliwe na Lord Chamberlain, ofisa wa nyumba ya kifalme. London, tamthilia ya mazungumzo ikabaki mikononi mwa kumbi zenye hati ya mfalme, hasa Drury Lane na Covent Garden. Wengine wakatafuta upenyo kwa kutia muziki na nyimbo. Melodrama, mchezo wa hisia kali unaoambatana na muziki, ilitoka Ufaransa, lakini kumbi ndogo za London ziliikumbatia kwa sababu muziki wake uliziwezesha kuikwepa sheria. Ukiritimba huo ulivunjwa 1843. Ukaguzi ukadumu hadi 1968. Ndiyo maana mwaka 1965 ukumbi wa Royal Court, London, ulijigeuza klabu ya wanachama, ukitumaini kukwepa ukaguzi, ili kuonyesha tamthilia ya Saved ya Edward Bond, na bado ukafikishwa mahakamani.

Hatua ya tatu: chagua tamthilia moja kwa kila kipindi, uisome kwa sauti. Kwa Shakespeare, pitia kwanza Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere; inasomeka vizuri mno. Halafu William Wycherley wa karne ya 17, Richard Sheridan wa karne ya 18, na John Osborne, Look Back in Anger ya 1956.

Hatua ya nne: kila unaposoma, liwazie jengo. Globe, ukumbi wa kampuni ya Shakespeare, ilikuwa wazi juu, watu wakitazama mchana. Kwa hiyo askari wa zamu mwanzoni mwa Hamlet hutamka kwamba imegonga saa sita usiku: maneno ndiyo yaliyoleta giza.

Ukipata nafasi ya kufika London, omba kuona miswada ya tamthilia iliyopelekwa kwa Lord Chamberlain kukaguliwa, iliyohifadhiwa British Library, maktaba ya taifa. Ile ya 1824 hadi 1968 ipo huko. Anza na tamthilia uliyokwisha kuisoma, ulinganishe na kitabu chako mstari kwa mstari.